Bismillahi za Penseli

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini wewe ndiye uliyenifunza kuwa mtoto hafungui mdomo mbele ya mzazi kabla ya shikamoo, na leo sitaki unishike kosa kwenye mstari wa kwanza. Makosa yapo ya kutosha huko mbele.

Nimekaa kwenye kiti chako, hapa Likoni, mbele ya dirisha la uani. Ni asubuhi, baada tu ya sala ya alfajiri, saa uliyokuwa ukiiita saa yako. Nakuandikia kwa mkono, si kwa kompyuta, na mwandiko wangu waujua, mbaya kama siku zote. Nina neno zito la kukwambia. Ningekuwa na akili ningelizunguka kwanza, nikakuuliza hali, nikakusifia, halafu nikalitua polepole. Lakini wewe hukupenda hadithi inayomficha msomaji jambo lake, basi nalisema: kitabu chako cha mwisho, kile cha kisima, nimekipoteza mimi. Sikuibiwa wala hakikuungua. Nilikipoteza kwa mikono yangu hii, tena kwa heshima zote.

Nipe nafasi nieleze.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mmoja kutoka Kisauni, kijana mpole, daftari kwapani. Anawasomesha wanafunzi wake hadithi zako za Likoni ya zamani, na sasa ataka kuandika juu yako: ulipenda vitabu gani, ulijifunza kwa nani, uliandika vipi. Nikamkaribisha, nikampa chai na mahamri, nikamdanganya. "Babangu alikuwa msomaji mkubwa sana, mwalimu." Akaandika. Astaghfirullah. Wewe hukuwa msomaji mkubwa. Ulikuwa na vitabu vya kujaza rafu moja fupi, na katika hivyo ulisoma vitatu tu, ukimaliza warudia.

Ulichokipenda kuliko vyote hakikuwa na jalada. Kilianzia ukurasa wa kumi na saba. Rafiki yako Musyoka alikiokota kule bandarini Kipevu mlipokuwa nyote wawili makarani wa shehena, kikiwa njiani kwenda jaani, akakuletea kwa kuwa alijua una wazimu wa vitabu. Jina la kitabu hicho hukulijua mpaka unaondoka duniani, na nilipojitolea kukutafutia ulinikatalia. "Nikijua mwanzo wake nitaacha kuuwaza," ulisema. Kila baada ya miaka kadhaa ulikaa ukaandika mwenyewe zile kurasa kumi na sita zilizokosekana, kila mara kwa namna nyingine. Mimi naamini huko ndiko ulikojifunza kazi. Hilo sikumwambia mwalimu, nililiona letu.

Cha pili kilikuwa kijitabu cha bandari cha maji kujaa na kupwa. Mama alikucheka nacho maisha yake yote. "Wenziwe wasoma hadithi, yeye asoma maji." Lakini hakuna mtu wa hadithi zako aliyevuka kwenda kisiwani bila wewe kujua maji yalikuwa wapi saa ile. Nilikwambia siku moja kuwa kijitabu kile ni cha mwaka huu, na watu wako walikwisha kufa kabla nyanya hajazaliwa. Ukanitazama kwa huruma, ukasema maji hayana mambo mapya.

Na cha tatu kilikuwa daftari la nyanya, mamako, la mashairi aliyoyakusanya kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika Kiswahili watu wa zamani. Herufi hizo nitazirudia, maana ndizo zilizoniponza.

Mwalimu alipouliza ulijifunza kwa nani, nilitaja nyanya, na hapo sikusema uongo. Nilimkuta angali hai, nikiwa mdogo. Alikuwa akikaa barazani akisuka ukili wa mikeka huku akisimulia, na jambo likiwa la kuchekesha au la msiba, mkono wake ulikwenda vile vile, hauharakishi, hauchelewi. Ulisema uandishi wako wote ni huo mkono. Watu waliposifu kitabu chako cha kwanza, ulikuwa ukijibu, "Maneno ni ya mamangu, mimi ni karani." Nikidhani ni unyenyekevu wa kujionyesha. Sasa naona ulikuwa ukisema kweli tupu.

Lakini hakimu wako alikuwa mama. Asubuhi kama hii, yeye jikoni akikanda unga wa mahamri, wewe mlangoni na karatasi yako, ukisoma kwa sauti. Hukumtazama uso, ulimtazama mikono. Akiendelea kukanda ulirudi kwenye kiti bila neno, ukakata. Mkono ukisimama katikati ya unga, basi sentensi ile imepita. Siku moja ulisoma kifungu kirefu cha harusi, na mama akasimamisha mkono, nawe ukafurahi mpaka ukasahau kuvaa viatu vya kazini. Kumbe alikuwa amemwona mdudu wa unga kidoleni. Alikuficha siri hiyo miaka mingi, kisha akakwambia mbele ya wageni. Ulicheka ukatoka machozi, na kile kifungu hukukitoa.

Alipofariki, kazi ile ikaniangukia mimi. Sikujua kukanda unga, nilijua kupiga chapa. Ulisoma, mimi nikaandika kwenye kompyuta, kila Jumamosi nikitoka kwangu Mikindani kuja Likoni. Ukaanza kuniita karani wako. Nilijivuna sana na jina hilo, baba, sikuwahi kukwambia.

Na penseli. Mwalimu aliuliza kama ulikuwa na desturi yoyote ya ajabu ukiandika, nikamtajia karafuu uliyoitafuna, na kuwa Ijumaa hukugusa kalamu, na kuwa hukulitia neno kitabuni mpaka ulisikie kwa mdomo wa mtu aliye hai, hata ikibidi uende sokoni kuwahoji mama wauza samaki na mimi pembeni nikiona haya. Lakini desturi yako kubwa ilikuwa ya penseli. Daftari jipya likiingia nyumbani hukuliandika siku hiyo. Ulikaa nalo alasiri nzima ukiandika Bismillahi juu ya kila ukurasa, kwa herufi za Kiarabu, ndogo na safi, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilikuuliza nikiwa mdogo kwa nini usingoje ukifika ukurasa wenyewe ndipo uandike.

"Ukurasa mtupu waniogopesha, mama," ulisema. Uliniita mama tangu nazaliwa. "Nikifika, nataka nikute kuna mtu ashaanza."

Kisha ndipo ulipotoa kalamu yako ya wino, kwa maneno yako mwenyewe na herufi za Kizungu. Wino wa buluu wa chupa, ule ambao mama alikuwa na sifa moja tu juu yake, kuwa ukimwagikia kanzu watoka kwa maji matupu.

Haya, sasa nije kwenye kosa. Kosa la kwanza, maana yapo mawili.

Kile kitabu chako cha kabla ya hiki, nilipokuwa nikikisafisha kukipeleka kuchapwa, niliona kifungu cha mwanamke anayesuka ukili mlangoni, kurasa tatu nzima, na hakuna linalotokea. Nikaona kinachelewesha hadithi. Nikakitoa. Sikukuuliza. Nilijiambia kuwa wewe mzee, hutatambua, na msomaji wa siku hizi hana subira. Kitabu kikaja kimechapwa, kinanukia upya, ukakaa hapa hapa ukakisoma mbele yangu. Ulifika mahali ukageuza ukurasa, ukarudi, ukageuza tena. Ukavua miwani.

"Karani," ukasema, "umemuondoa mamangu."

Ukaongeza kwa sauti ile ile, "Karani haandiki asichokiona, wala hafuti alichokiona." Basi. Hukunigombeza. Ungenigombeza ingekuwa nafuu, ningelia, ungenibembeleza, yangekwisha. Ukaniuliza kama nitakula.

Tangu siku hiyo niliogopa kuja. Nasema wazi kwa kuwa huwezi tena kunitazama. Nilisingizia kazi, nikasingizia foleni za feri, nikasingizia mtoto. Wewe ulikuwa umeshaanza kitabu cha kisima, na tulikuwa tumefika naye Mwanasha, yule mwanamke wa zamani anayechimba kisima peke yake baada ya watu wa mtaa kumwambia chini ya ardhi ile hakuna ila chumvi. Tulimwacha ndani ya shimo, maji yamemfika miguuni, ameinama ateke kwa kiganja aonje. Nilikusihi uniambie, ni matamu au ni ya chumvi? Ukacheka. "Njoo Jumamosi utasikia."

Sikuja Jumamosi hiyo, wala iliyofuata. Ulinipigia simu. "Mama, nina ya kukusomea." Nikasema inshallah baba, wiki ijayo. Ukapiga tena, nikasema vile vile. Mara ya tatu hukunisihi, uliniuliza tu hali ya mtoto. Na wiki ijayo yenyewe ilipofika, aliyepiga simu alikuwa shangazi, akaniambia nije na nguo za kulala.

Baada ya hitima, shangazi na mimi tukaanza kusafisha chumba chako. Wajua dada yako alivyo, kitu kikikaa siku mbili bila kazi akitoa. Tukafungua sanduku la bati chini ya kitanda. Juu kulikuwa na juzuu zako za zamani zilizochakaa, kurasa zimeachana, na karatasi za dua. Chini yake kulikuwa na daftari nne za herufi za Kiarabu. Nikafungua moja. Juu ya ukurasa, Bismillahi. Nikafunua wa pili, Bismillahi. Mimi chuoni nilisoma Kurani yenye irabu zote, na mwandiko wako haukuwa na irabu hata moja, wakimbia, na macho yangu siku hiyo hayakuwa macho. Nikamwambia shangazi, "Maskini baba, alikuwa akinakili dua." Shangazi akalia. Nikakibusu kila kidaftari, nikakigusisha kwenye paji la uso, nikavitia kwenye gunia jeupe pamoja na zile juzuu.

Makaratasi yenye jina la Mungu hayatupwi jaani. Hilo kila mtu wa hapa alijua kabla hajajua kufunga vifungo. Tukayapeleka msikitini, mwadhini akayapokea kwa mikono miwili, na kesho yake yakazikwa nyuma, chini ya ukuta wa kibla, mahali pasipokanyagwa na mtu. Nilirudi nyumbani nikihisi nimefanya jambo moja sawasawa.

Penseli, baba. Zile Bismillahi zilikuwa za penseli. Duniani nilimjua mtu mmoja tu aliyeandika Bismillahi kwa penseli na mengine kwa wino, na nilijua alifanya hivyo kwenye daftari za hadithi zake. Nilizitazama kwa macho yangu nisizione.

Masika ikaingia. Ilinyesha mwaka huu kana kwamba ina kisasi.

Kwenye arubaini yako alikuja Musyoka kutoka Changamwe, na mkongojo wake, amebeba sukari. Akakaa barazani kwa kuwa hapendi kusumbua wenye dua, nami nikamtolea chai. Tukazungumza habari zako za kazini, akanichekesha kidogo. Kisha akasema, "Sasa mama, ile ya kisima umeshaipiga chapa?"

"Haikwisha, mzee. Baba aliiacha njiani."

"Aliimaliza," akasema Musyoka. "Aliniambia mwenyewe, nilipokuja kumwona. Alikuwa na furaha sana. Alisema amerudi kwa herufi za mama yake, kwa sababu hizo hazimharakishi. Daftari nne. Alisema anakungoja wewe uje akusomee."

Nilikuwa nimemshikia kikombe. Nikaendelea kukishika mpaka yeye mwenyewe akakichukua.

Nilipanga usiku kucha maneno ya kumwambia mwadhini, na asubuhi yote yakanitoka. Nikamweleza tu kama ninavyokueleza wewe. Akanisikiliza akisugua ndevu. "Mwanangu, tulichokizika hatukifukui," akasema. Nikabaki nimesimama pale pale, maana sikuwa na pa kwenda. Akaona siondoki, akasema, "Jina la Mungu tulilizika lisikanyagwe. Wewe huendi kulikanyaga. Njoo kesho baada ya adhuhuri, uje na udhu wako."

Alichimba yeye, mimi nikapiga magoti kando nikitoa udongo kwa mikono. Gunia lilikuwa limejaa maji. Juzuu zimekuwa uji, tukazirudisha kama zilivyo, yeye akisoma kimoyomoyo. Daftari zako mbili za juu zimekwisha kabisa. Mbili za chini zilikuwa zimeshikamana kama maandazi yaliyolowa, lakini zilikuwepo. Nikazifunga kwa leso yangu nikaja nazo nyumbani kifuani.

Siku mbili nilizitenganisha kwa kisu cha siagi, ukurasa kwa ukurasa, nikazianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Shangazi alikaa chini yake na ufagio kufukuza kuku. Kurasa za pembeni hazikufaa. Za katikati zikakauka, zikajikunja kidogo, zikawa nyeupe.

Nyeupe, baba. Buluu hafifu hapa na pale, kama mahali palipokuwa na nguo. Wino wako umetoka kwa maji matupu, kama mama alivyosema. Hakuna Mwanasha, hakuna kisima, hakuna kiganja kilichoinuliwa mdomoni. Na juu ya kila ukurasa, Bismillahi yako ya penseli, ndogo, safi, haikufutika hata nukta. Penseli haitoki kwa maji. Ua mzima ulikuwa umejaa kurasa tupu, na kila moja ina Bismillahi.

Nililia pale kuliko nilivyolia siku ya kukuzika. Siku ile nilikuzika wewe na Mungu ndiye aliyekuchukua. Hiki nilikizika mimi. Ulikaa kwenye kiti hiki ukimaliza kitabu kwa herufi za mamako, kwa kuwa mimi nilikuwa nimemtoa, ukanipigia simu mara tatu nije unisomee, nirudi mezani, na mimi nikasema wiki ijayo. Nisamehe. Najua umesamehe, ndiyo tabia yako, na ndiyo inayoniumiza.

Mwalimu wa Kisauni nimempigia simu jana. Nikamwambia afute lile la msomaji mkubwa, nikamweleza habari ya kitabu kisicho na jalada. Akaniuliza kama una chochote ambacho hakijachapwa. Nikamjibu kuwa kipo, ila bado hakijaandikwa.

Maana nimeamua, baba, na nakuomba radhi yako. Hadithi ya Mwanasha mpaka pale shimoni ninayo, nimeihifadhi kwenye kompyuta. Kutoka hapo sijui. Sijui kama maji yalikuwa matamu au ya chumvi, na sitajifanya najua ulichoandika. Lakini wewe kwa kile kitabu cha Musyoka uliandika kurasa kumi na sita za mwanzo usiojua, ukaandika tena na tena. Mimi mwisho usiojulikana utanishinda?

Hii barua nimeiandika juu ya karatasi ya kwanza ile iliyokauka, na nyingine zilizofuata. Bismillahi unayoiona hapo juu si yangu, ni yako. Nilipokaa alfajiri hii niliuogopa ukurasa, sijawahi kuandika neno langu mwenyewe maishani, mimi ni wa kuandika ya watu. Nikafunua ukurasa, nikakuta kuna mtu ashaanza.

Zilizobaki zatosha kuanzia. Mwanasha nitamwacha kidogo ndani ya shimo, atanisubiri, si mtu wa haraka. Nitaanza na nyanya mlangoni, anasuka ukili, mkono hauharakishi, hauchelewi, kurasa tatu nzima na hakuna linalotokea.

Lala salama, baba. Jumamosi nipo.

Mwanao,
karani wako